Maji ya Mashine ya Liberatus

Kabla hajalala mbele ya watu, Liberatus Kihwele alikuwa ameshalala kwenye usukani mara mbili bila mtu kujua, na mara zote mbili barabara ilimhurumia. Mara ya kwanza alizinduka akiwa bado upande wake wa lami. Mara ya pili alizinduka akiwa upande wa wenzake, ila wenzake hawakuwapo. Mara ya tatu ilikuwa Igawa, saa nane mchana, jua likiwaka. Lori lililojaa mbao liliacha lami taratibu, kama linalokwenda kuegesha, likapita juu ya meza nne za mchele na kusimama kwenye ukuta wa choo cha mgahawa. Bupe, mwenye meza ya nne, alivunjika mguu sehemu mbili. Waliokuwepo walisema dereva kalewa. Polisi walimpima wakakuta hana hata harufu, na hilo likawasumbua, kwa sababu ulevi wangejua waunde maelezo yake vipi, lakini usingizi wa saa nane mchana hawakujua waanzie wapi.

Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, thelathini kati ya hiyo akiwa juu ya lori. Shingo yake ilikuwa nene kiasi kwamba kifungo cha juu cha shati kilikuwa pambo tu. Nyumbani kwake ni Igowole, Mufindi, mahali ambapo watu huvaa sweta hadi kwenye harusi, na mke wake, Severina, ndiye aliyekuwa akifuma nyingi za sweta hizo, za shule na za kanisani.

Severina hakushangazwa na habari za Igawa. Kwa miaka ishirini alikuwa amelala kando ya mtu yule akimpima. Kukoroma hakukumsumbua, wanaume wa unene ule hukoroma. Kilichomsumbua ni pale ukoromaji unapokoma. Chumba kinanyamaza, kifua hakipandi, naye huanza kusali Salamu Maria kimoyomoyo, bila haraka, kama anavyosali kanisani. Kwa kawaida pumzi ilirudi kabla sala haijaisha. Siku mbaya ilirudi katikati ya sala ya pili, kwa kishindo, kama mtu aliyetolewa mtoni.

"Baba Faustina, usiku unakufa," aliwahi kumwambia.

"Mbona asubuhi naamka?"

"Ndicho ninachoshangaa."

Mazungumzo hayo yalirudiwa mara nyingi kwa miaka mingi na hayakuzaa kitu, mpaka meza za Igawa zilipoingia kati. Edmund, mwenye malori, hakuwa mtu mbaya. Alimwita Liberatus kwenye yadi yake pale pale Igowole, akamwambia asingemfukuza mtu aliyembebea mbao miaka kumi na sita. Lori lingeshikiliwa na Jofrey, dereva wa akiba, kwa muda. Liberatus aende hospitali, atibiwe huo usingizi, na mwisho wa Machi alete barua ya daktari inayosema anafaa kuendesha.

"Barua ikija, Jofrey anashuka unapanda," alisema Edmund. "Isipokuja, mzee wangu, mimi nitafanyaje?"

Hayo ndiyo yaliyokuwa mezani, na Liberatus aliyaelewa vizuri kuliko alivyowahi kuelewa kitu kingine chochote. Hakuwa na shamba la maana. Hakuwa na kazi nyingine aliyowahi kuifanya. Akiwa juu ya lori alikuwa Mzee Kihwele. Akishuka alikuwa mtu mnene wa Igowole.

Hospitali iliyokuwa na kipimo cha usingizi ilikuwa Mbeya mjini, ya misheni. Walimlaza wamemfunga nyaya kichwani na kifuani, na asubuhi wakamwambia kwamba pumzi yake hukatika mara arobaini na moja kila saa. Liberatus aliuliza kama hiyo ni nyingi. Nesi Tumpe, aliyekuwa akimtoa nyaya, alimwambia, "Baba, wewe hujalala tangu mwaka gani sijui. Ulikuwa unafumba macho tu."

Akapewa mashine kwa kuazima. Ilikuwa imeshatumika huko Ulaya na mtu ambaye ama alipona ama hakuihitaji tena kwa sababu nyingine, ikaja ndani ya kontena moja na magongo na vitanda, pamoja na kijitabu cha maelezo kwa lugha kumi na moja, Kiswahili kikiwa hakimo. Kazi yake ni kusukuma hewa kupitia mpira mrefu hadi kwenye barakoa ya puani, ili koo lisijifunge mtu akilala. Ndani yake mlikuwa na kadi ndogo inayohesabu saa. Daktari angesoma kadi baada ya miezi mitatu, na kama mgonjwa ameivaa kila siku walau saa nne, angeandika barua.

"Sasa nisikilize hapa, maana hapa ndipo watu wanapoharibu," alisema Tumpe. Alichomoa kitangi cha plastiki kutoka ubavuni mwa mashine. "Hewa inapita juu ya haya maji. Yanapashwa moto kidogo, ili usiamke koo kavu kama gunzi. Maji yawe yaliyokenekwa, distildi. Hayana chumvi, hayana kitu."

"Kama ya betri," alisema Liberatus.

"Yanafanana na ya betri, ila usinunue ya betri. Yale yanapita mikono mingi, hakuna anayejua yamechotwa wapi. Nenda duka la dawa. Ukikosa, chemsha ya kunywa, yapoe, tumia ya siku hiyo hiyo. Na kila asubuhi unamwaga yote yaliyobaki..."

Lakini Liberatus alikuwa ameshashuka kwenye neno betri. Kila Jumamosi kwa miaka thelathini alifungua vifuniko sita, akachungulia, akaongeza maji mpaka kwenye mstari, akafunga. Na kitangi hiki nacho kilikuwa na mstari. Mtu akishapata mahali pa kutundika jambo jipya, haoni sababu ya kuendelea kulibeba. Tumpe aliendelea na habari za sabuni, za kukausha kivulini, za siki kidogo mara moja kwa wiki, na Liberatus aliitikia kwa kichwa kila mahali panapostahili. Huo ni ustadi wa watu waliozoea kusimamishwa barabarani.

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja sokoni Mwanjelwa, kwa Anania, muuza vipuri aliyemjua tangu enzi za malori yenye pua.

"Maji ya betri lita tano."

"Ya gari gani?"

"Si gari. Yangu mwenyewe."

Anania alimtazama kutoka kichwani hadi tumboni. "Kweli mzee, umekwisha chaji."

"Nina mashine ya kupumulia. Hospitali wamesema."

"Hospitali wamesema ununue kwangu?"

"Wamesema kama ya betri."

"Haya, mimi ni muuza vipuri, sibishani na daktari." Alishusha dumu kutoka juu, akalifuta vumbi kwa kiwiko. "Hili nililifungua jana, kuna mtu wa Fuso alitaka nusu. Ila nimeshalijaza."

Liberatus hakuuliza limejazwa nini. Katika biashara ya vipuri swali kama hilo huonekana ni la kumtafuta mtu ubaya.

Mashine iliwekwa kwenye meza ndogo kando ya kitanda. Wiki ya kwanza baridi ya Igowole iligeuza mvuke kuwa matone ndani ya mpira, na matone yakamwingia Liberatus puani akaamka anapiga chafya. Severina akaufumia mpira soksi ndefu ya sufi ya kijani, mabaki ya sweta za shule ya msingi, na tatizo likaisha. Hakufundishwa na mtu. Aliona kitu kina baridi, akakivisha.

Matokeo yalikuwa ya kutisha kwa uzuri wake. Siku ya nne Liberatus aliamka kabla ya jua, akaulizia chai, akatengeneza bawaba ya mlango iliyokuwa ikisubiri tangu mwaka juzi. Jumapili alisikiliza mahubiri yote bila kusinzia, na njiani akamwambia mkewe kwamba kumbe padri anajirudia. Severina naye, baada ya miaka ishirini ya sala za mwendo wa pumzi, alilala. Faustina, binti yao aliyeolewa Makambako, alipopiga simu aliuliza mbona sauti ya mama imekuwa changa.

Maji kwenye kitangi yalishuka kidogo kila siku, na kila jioni Liberatus aliongeza kutoka kwenye dumu la Anania, mpaka kwenye mstari. Severina alimtazama akifanya hivyo majuma mawili kabla ya kuuliza.

"Hiki kitangi hukioshi?"

"Kinaoshwa na maji yaliyomo."

"Kwa hiyo maji yanajiosha."

"Mama Faustina, betri haimwagwi. Inaongezwa. Ukiimwaga umeiua."

"Nesi ndivyo alivyosema?"

"Nesi alisema kama ya betri."

Severina alikuwa mwanamke anayeosha sufuria hata kabla ya kuipikia. Lakini ndani ya nyumba ile mlikuwa na mpaka wa zamani ambao hakuna aliyeuweka: kila chenye waya au tairi ni cha baba, isipokuwa pasi. Mashine ilikuwa na waya. Kwa hiyo alifanya lile lililobaki upande wake. Kila asubuhi, Liberatus akishavua barakoa, Severina aliifunika mashine kwa kitambaa cheupe cha kufuma, cha seti moja na kile cha televisheni na vile vya migongo ya makochi, akachomeka pembe zake chini, vumbi lisipate hata upenyo. Kitu cha thamani hakiachwi wazi.

Hapa inafaa kusema kwamba Severina, kila penye kipaimara au msiba, ndiye aliyeitwa kutengeneza kimea cha pombe. Analoweka ulezi, anauweka mahali penye joto kidogo, anaufunika usipate upepo, na siku ya tatu umeota. Mikono yake iliijua kazi hiyo kuliko iujuavyo ufumaji. Maji, uvuguvugu, giza, kitambaa. Alikuwa akiifanya kila siku juu ya meza ya kitandani na hakuitambua, kwa sababu pale hapakuwa na ulezi.

Kikohozi kilianza mwishoni mwa Februari. Kwanza kilikuwa cha baridi. Kisha kikawa cha moshi wa maranda yanayochomwa kwenye mashine za kupasulia mbao. Kisha Yusta, jirani, akaja kukopa chumvi na kutoa maoni.

"Mtu anapulizwa upepo kifuani kutwa kucha, asikohoe kwa nini? Sisi huku upepo tunaukimbia, nyie mmeuwekea umeme."

"Amepewa na daktari," alisema Severina.

"Sijasema hakupewa."

Kwa bahati mbaya Yusta hakuwa mbali na ukweli, na pengine ndiyo maana hawakumsikiliza. Mtu mwingine angeivua mashine, akapumzisha kifua wiki moja, na wiki moja ingetosha kumwonyesha. Liberatus hakuweza. Kadi ilikuwa inahesabu. Alikohoa ndani ya barakoa, akaiinua, akatema kwenye kopo, akairudisha. Kadiri alivyougua ndivyo alivyoivaa kwa bidii, na kadiri alivyoivaa ndivyo alivyougua, na kwenye kadi yote hayo yaliandikwa kama maendeleo.

Katikati ya Machi alianza kutetemeka jioni na kulowa jasho alfajiri. Ndipo Severina alipovuka mpaka. Akiwa anafuta meza alichomoa kitangi, akakiinua dirishani. Kuzunguka ndani yote, sawasawa na mstari ule wa kujazia, kulikuwa na utelezi wa rangi ya ufizi. Alikinusa. Kilinuka kama vyombo vya maua vya altareni, vile ambavyo zamu ya wiki iliyopita walisahau kuvimwaga.

Alikipeleka sebuleni, Liberatus alikokuwa amejifunika blanketi.

"Tazama unachopumua."

Liberatus alitazama muda mrefu. "Zimebaki siku tisa," alisema.

"Nakuonyesha uchafu, unanihesabia siku."

"Nikiosha ikapata hitilafu, siku tisa zinapotea, na hizo za nyuma nazo sijui. Ikifika Mbeya wataisafisha wenyewe. Irudishe."

"Baba Faustina."

"Irudishe, nimesema. Jofrey ameshaandika jina la mtoto wake kwenye bampa."

Severina alirudisha. Baadaye, kila alipolifikiria tendo hilo, hakujilaumu kwa kutojua. Alijilaumu kwa siku hizo tisa, maana hizo alizijua.

Siku ya kwenda Mbeya aliamka mapema. Huko kwao mgonjwa hapelekwi hospitali hivi hivi. Anaogeshwa, anakatwa kucha, anavishwa shati la Jumapili, ili manesi wasiseme kwamba ametoka kwenye nyumba isiyo na watu. Baada ya kumwogesha mume, Severina aliogesha mashine. Alinunua mswaki mpya na sabuni ya maji, akachemsha maji akayaacha yapungue joto, akasugua kitangi pembe kwa pembe mpaka kikawa kama kimetoka dukani. Alipangusa mpira. Alifua barakoa. Kilichosalia kwenye dumu la Anania alikimwaga nyuma ya choo, na dumu lenyewe akampa Yusta la kuwekea mafuta ya taa.

Tumpe alipokipokea kitangi alikiinua kwenye mwanga.

"Nyie ndio mmetunza," alisema. "Watu wananiletea hapa vitu vya kutapisha." Akatoka nacho hadi kwenye benchi la wagonjwa wengine, akawaonyesha. "Mmeona? Huyu baba katoka Mufindi huko, ameitumia miezi mitatu. Si ya kuungaunga."

Severina alitazama sakafu. Mzee mmoja kwenye benchi alimuuliza wanatumia sabuni gani.

Daktari alisoma kadi. Usiku themanini na nne kati ya themanini na sita, kwa wastani saa sita na robo. Alisema katika wagonjwa wake wote hajapata mtu mtiifu kama huyu. Alivuta karatasi yenye nembo ya hospitali, akafungua kalamu, akaandika jina, Liberatus Kihwele. Na Liberatus, ambaye alikuwa ameshikilia kikohozi tangu kwenye lango, hakuweza kukishikilia zaidi.

Kalamu ikawekwa chini. Picha ya kifua ilionyesha ukungu mapafu yote mawili, sehemu za chini. Homa, jasho, kukohoa wiki nne, kupungua mwili: daktari yeyote wa nyanda hizi angefikiria kifua kikuu kabla ya jambo lingine, na huyu naye alilifikiria. Liberatus akalazwa chumba cha peke yake. Mashine, kwa kuwa inapuliza hewa ya mgonjwa kwa wengine, ikafungiwa stoo na kibandiko chenye jina lake.

Makohozi yalipimwa, yakarudi hayana kitu. Yakapimwa tena, hayana kitu. Dawa za nimonia zilianzishwa zikamwacha alivyokuwa. Daktari aliuliza maswali mazuri: amewahi kuchimba madini? Anafuga njiwa? Anapasua mbao mwenyewe? Kuhusu mashine hakuuliza, kwa sababu kitangi walikiona wote.

Severina alikuwa amekaa kando ya kitanda akisikia maswali hayo yakizunguka nyumba yake bila kuingia mlangoni. Alikuwa na jibu, na alikuwa amelipiga mahesabu. Akisema, wataandika kwamba mgonjwa hafuati maelekezo. Mashine itakwenda kwa mwingine, yuko yule mzee wa kwenye benchi. Barua haitaandikwa. Na mume akijua kwamba mkewe ndiye aliyeifuta barua ile iliyokwisha andikwa jina, atapona aje aishi naye vipi? Asiposema, huenda dawa ikafanya kazi yenyewe. Hiyo "huenda" aliishikilia siku kumi na tisa. Edmund alipiga simu mara mbili. Mara ya pili alisema pole nyingi, na kwamba Jofrey anaendelea na lori kidogo.

Siku ya ishirini, saa tisa alasiri, Liberatus alisinzia akiwa chali. Bila mashine, mambo yalirudi kama zamani. Akakoroma, akanyamaza. Severina akaanza Salamu Maria. Ikaisha. Akaanza ya pili, ikaisha, kifua kimetulia, midomo ina rangi ya zambarau. Alikuwa ameingia ya tatu, ambayo kwa miaka ishirini hakuwahi kuifikia, alipomtikisa kwa mikono miwili. Pumzi ilirudi na mlio mbaya, kisha kikohozi, kisha damu kidogo kwenye shuka.

Alimkuta Tumpe akihesabu glavu kwenye meza ya manesi.

"Nesi, lile tangi lilikuwa haliogeshwi."

"Nimeliona kwa macho yangu, mama. Linang'aa."

"Nililiosha siku ya kuja."

"Na kabla?"

"Tangu Januari halikumwagwa. Lilikuwa linaongezwa."

Tumpe aliacha kuhesabu. "Maji gani?"

"Ya betri. Kutoka Mwanjelwa."

"Nilimwambia asinunue ya betri."

"Alisikia uliposema yanafanana."

"Lilikuwa na kitu ndani?"

"Utelezi. Wa rangi hii." Alivuta mdomo wa chini akaonyesha ufizi wake.

Tumpe alisukuma boksi la glavu pembeni. "Ndaga, mama," alisema, neno ambalo kwa Wanyakyusa hutumika kushukuru na hutumika pia kwenye msiba. "Umetuangalia siku ishirini tunatafuta kifua kikuu."

"Niliogopa mtamnyima barua."

"Barua wanapewa walio hai."

Daktari hakupiga kelele. Alibadilisha dawa jioni ile ile, na siku ya nne homa ilishuka. Kipande cha pafu la kushoto hakikurudi. Kwenye picha kilibaki kama kona ya shati iliyoungua pasi. Kuhusu mashine Severina alikosea: walimrudishia, na kitangi kipya juu yake. Kuhusu barua alikuwa sahihi. Daktari alisema hawezi kuandika kwamba mtu anafaa kuendesha wakati amekaa zaidi ya mwezi bila matibabu ya usingizi na hapandi ngazi bila kusimama. Hesabu ianze upya, sifuri. Miezi mitatu.

"Nani alikwambia useme?" Liberatus aliuliza ndani ya basi, baada ya kupita Igawa, ambapo alikuwa ametazama upande mwingine.

"Hakuna."

"Ilikuwa imebaki sahihi."

"Na wewe ilikuwa imebaki pumzi moja."

Makambako Severina alinunua mahindi ya kuchoma mawili na Liberatus akala yote mawili.

Tangu siku hiyo mashine ikawa ya Severina, na hakuna aliyelitangaza. Kila jioni alichemsha maji ya kunywa katika sufuria isiyopikiwa kitu kingine, akayafunika, yakapoa. Kila asubuhi alimwaga yaliyobaki, yawe mengi yawe machache, na mwanzoni mkono wake uliona uchungu, kwa sababu ni mkono uliolelewa kutomwaga maji yaliyochemshwa kwa kuni. Aliosha kitangi kwa sabuni na mswaki, akakisuuza, akakiinamisha wazi dirishani kivulini mpaka kikauke kabisa. Siki ilipatikana duka moja tu Igowole, na mwenye duka alidhani nyumba ile imeanza kula kachumbari kila Jumamosi. Kitambaa cheupe kilirudi kwenye seti yake. Liberatus alivaa barakoa akiwekewa, akavua akiondolewa. Hakukosa usiku hata mmoja. Hakusinzia mchana hata mara moja. Aliketi barazani macho makavu, akiangalia mbao za watu zikipita, na alizitambua gari zote kwa mlio.

Barua ilisainiwa katikati ya Agosti. Aliikunja mara moja tu, isipate mikunjo mingi, akavaa shati la Jumapili siku ya Jumatano, akaenda yadi.

Edmund aliisoma yote, hata namba ya simu ya hospitali iliyo chini.

"Barua nzuri sana hii, Mzee Kihwele."

"Nashukuru, bosi."

"Ingekuja Machi."

"Machi niliumwa."

"Najua. Nami nilisubiri mpaka Juni, Mungu shahidi. Sasa Jofrey nimeshamwandikisha kwenye bima, ana safari zake, wateja wamemzoea. Nimshushe kwa kosa gani? Na wewe pafu moja na kipande, uko peke yako mlima Kitonga, tairi limepasuka, utafungua nati gani?"

Liberatus alizijua nati hizo kwa uzito wake.

"Ila nina nafasi," alisema Edmund, na kwa haki ni lazima isemwe kwamba alifurahi kweli kuwa nayo. "Mlinzi wangu wa usiku nimemfukuza juzi, nimemkuta amelala. Wa kabla yake naye nilimkuta amelala. Nataka mtu asiyesinzia. Wewe una barua ya daktari."

Liberatus aliitazama barua iliyokuwa mkononi mwa bosi. Iliandikwa hivyo kweli, mstari wa tatu.

"Saa ngapi hadi saa ngapi?"

"Kumi na mbili hadi kumi na mbili."

Aliporudi nyumbani Severina alikuwa anapima mikono ya sweta. Alimweleza yote kwa mpangilio, kama anavyoripoti safari: alivyokaribishwa, barua ilivyosomwa, nafasi iliyopo, anaanza Jumatatu. Severina hakuweka sindano chini.

"Kwa hiyo utalala mchana."

"Mchana."

"Mchana umeme huku unakatika."

"Najua."

Alifuma mistari miwili. Kisha akauliza kama pale getini kuna kiti.

"Kipo," alisema Liberatus. "Bosi amesema atakiondoa."